Hakuna Anayekatia Bima Gari Lililogongwa

Ulipomsalimia Gonga "habari za asubuhi", hakukujibu nzuri wala mbaya. Alikutazama kwanza, akafuta mikono kwa tambara, kisha akauliza, "Kwani umesikia nini?" Wateja wageni walidhani ni utani. Wenyeji wa mtaa ule wa magereji walijua kwamba mtu yule hatanii hata kidogo, ndivyo alivyoumbwa.

Jina lake la kuzaliwa lilikuwa kwenye kitambulisho, na huko huko lilibaki. Mtaani aliitwa Gonga kwa sababu aligonga kila kitu. Kazi yake ilikuwa kunyoosha bodi za magari yaliyopata ajali, na fundi wa bodi hulijua gari kwa kifundo cha kidole. Bati likiwa bati tupu, hulia. Likiwa limejazwa puti, ule uji mzito wa dukani unaofukia mashimo ukikauka ukapakwa rangi juu, hunyamaza. Gonga aliizoea kazi hiyo mpaka akatoka nayo nje ya gereji. Aligonga matikiti sokoni, aligonga kuta za nyumba alizotaka kupanga, na siku alipokwenda kuposa aligonga kiti kabla ya kukikalia, mpaka baba mkwe akacheka na kusahau kumwuliza anaishi wapi.

Ushuku huo alikuwa na sababu nao. Ujanani alinunua gari lake la kwanza kwa bwana mmoja aliyevaa vizuri na kusema vizuri. Gari lilimeremeta, ungeweza kunyolea ndevu kwenye mlango wake. Mvua ya kwanza ilipolinyeshea, ubavu ule ulibomoka, ndani yakaonekana magazeti yaliyokunjwa na puti juu yake. Ameuziwa mbuzi kwenye gunia, na mbuzi mwenyewe wa karatasi! Alikaa kando ya barabara, mtu mzima, akisoma habari za mwaka uliopita kutoka ndani ya mlango wa gari lake. Tangu siku hiyo aliapa hataingia mkenge tena, na kiapo hicho alikitunza kuliko meno yake.

Mtu mmoja tu ndiye aliyeepuka kidole chake, naye ni mkewe. Huyo aliitwa Mama Rangi, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa mchanganya rangi wa gereji. Ungeleta gari la rangi ya fedha iliyopigwa na jua kwa miaka, rangi ambayo kiwanda chenyewe kimeshaisahau, naye angesimama pembeni ametulia, akachukua tone la kopo hili na tone la kopo lile, akakoroga kwa kijiti, akapaka kwenye kifuniko, akakitoa juani na kukizungusha taratibu. Akisema "ndiyo", ilikuwa ndiyo. Mlango mpya ungeuweka karibu na bodi ya zamani na usiujue upi ulikuja lini. Gonga, aliyekagua hata kazi ya mikono yake mwenyewe mara tatu tatu, hakuwahi kumwuliza mkewe mara mbili.

Ndiyo maana habari ya macho ilimkaa vibaya. Mama Rangi alikuwa amekwenda kutafuta miwani ya kusomea, akarudi na jina la ugonjwa: presha ya macho. Daktari wa kliniki ya macho ya hospitali kuu aliwaita wote wawili, akawaeleza polepole. Ugonjwa huu hauumi, hauwashi, hautoi machozi. Unakula uoni kutoka pembeni kuja katikati, na ulichokula haukirudishi. Dawa ya matone nayo hairudishi kitu, inalinda kilichobaki. Tone asubuhi, tone jioni, na kliniki kila tarehe atakayopangiwa, maisha yake yote. Dawa yenyewe ilitolewa pale pale kliniki, kwa mwenye kadi aliyefika siku yake, na haikuuzwa bei ya karanga.

Walijaribu bima ya kampuni. Kampuni iliwapa kiti, ikawapa maji ya kunywa, ikawauliza maswali kwa tabasamu, kisha ikawaambia kwa tabasamu lile lile kwamba mama amekuja na ugonjwa wake mkononi na wao hawapokei mizigo ya namna hiyo. Gonga hakushangaa. Alisema angekuwa yeye angefanya vile vile. Wakaendelea kujilipia wenyewe, mwezi mwingine kwa raha, mwezi mwingine kwa kubana mkanda.

Basi likazuka suala la bima ya umma.

Serikali ilipeleka bungeni mswada wa kuanzisha bima yake ya afya, isimame sokoni pamoja na za makampuni. Anayetaka abaki na kampuni yake, anayetaka ahamie ya umma, na mgonjwa asikataliwe kwa sababu ya ugonjwa alionao. Redio zote zilishika hilo. Wengine walisema makampuni yatafilisika, foleni za hospitali zitafika barabarani, na kodi itapanda mpaka iguse dari. Wengine walisema makampuni yamezoea kuchagua wazima na kuwatupa wagonjwa, sasa yaletewe mwenzao wa kuyatia adabu. Watu waliokuwa wakigombana juu ya mpira wakaanza kugombana juu ya mifuko ya bima, na hakuna aliyeweza kusema mfuko wenyewe umekaaje.

Jirani wa Gonga, muuza betri aliyeitwa Chaji, alikuwa upande wa mswada na hakujificha.

"Gonga, acha ubishi. Hii ni hiari. Hakuna anayekulazimisha."

"Hiari?" Gonga alikuwa ameinama ndani ya boneti, sauti ikatoka kama ya mtu aliye kisimani. "Mchango wa madawati ulikuwa hiari. Nilipochelewa, mwanangu hakukaa hata chini, alirudishwa nyumbani. Ulinzi wa mtaa ulikuwa hiari, nikaja kuamshwa na pingu. Hiari ya serikali naijua, Chaji. Inavaa buti."

"Kwa hiyo makampuni ndiyo yanakupenda?"

"Hayo nayo yanipendee nini? Nayatengenezea magari yao, nayajua."

"Sasa wewe uko upande gani, baba?"

"Upande wa ukutani. Mgongo wangu uko salama."

Mama Rangi alicheka kule kwenye makopo yake. Alikuwa akisikiliza redio kuliko wote wawili. Sehemu ile ya mgonjwa kutokataliwa aliisikiliza akiwa ameshikilia kijiti hewani, rangi ikidondoka kwenye kiatu.

Siku moja akaja mkadiriaji. Huyu ndiye mtu wa kampuni ya bima ya magari, anayelitazama gari lililogongwa na kuamua litengenezwe au litupwe. Pale mtaani walimwita Bwana Tai, na hakuna aliyewahi kufafanua kama ni kwa sababu ya ile aliyoifunga shingoni au yule anayezunguka juu ya mizoga. Yeye mwenyewe aliamini ni ya shingoni. Gonga alimpa stuli, baada ya kumwonyesha kwamba ameifuta.

"Na wewe, Fundi, umo kwenye hii bima ya serikali?" Bwana Tai aliuliza, akiuzunguka mlango uliobonyea.

"Mimi simo kwenye kitu chochote."

"Vizuri. Maana wewe ni mtu wa magari, huwezi kudanganywa. Hebu niambie. Gari limeshagongwa, taa ziko chini, boneti imekunjika, ndipo mwenyewe anakimbia kukata bima. Nani atamkatia?"

"Hakuna anayekatia bima gari lililogongwa."

"Umesema mwenyewe! Sasa hawa wanatuambia watachukua watu wagonjwa. Watachukua majina ya wagonjwa, hilo naliamini. Wakishajua nani mbovu, wameshajua nani wa kumweka mwisho wa foleni. Sisi makampuni angalau tunakwambia mapema, hatukuzungushi."

Gonga hakuwahi kumwamini Bwana Tai hata kwa bei ya taa ya nyuma. Kila alichokadiria yule, Gonga alikikadiria upya. Lakini maneno haya hayakugongwa. Yaliingia, yakakaa, yakajisikia nyumbani, kwa kuwa yalifanana na yale aliyokuwa akiyawaza siku zote. Ndivyo alivyokuwa: habari njema aliipekua mpaka soksi, habari mbaya aliivutia kiti.

Serikali ikatuma mtu wake kuja kueleza mswada katika ukumbi wa mtaa. Alikuwa mwanamke wa makamo, sauti imemkauka kwa kuzunguka ukumbi hadi ukumbi. Watu walijaa mpaka madirishani. Waliuliza maswali ya kodi na maswali ya foleni, mmoja akauliza kama bima italipia meno ya dhahabu. Gonga alinyoosha mkono, na Chaji akajishika kichwa.

"Mimi ni fundi wa bodi," Gonga alisema. "Swali langu fupi. Gari lililokwisha gongwa, mnalikatia bima?"

Ukumbi ulicheka. Yule mwanamke naye akacheka, kisha akaacha.

"Baba yangu, mtu si gari. Mgonjwa tutampokea na ugonjwa wake, kama alivyo. Hiyo ndiyo maana ya bima hii."

Makofi yalipigwa. Mama Rangi alimshika mumewe mkono, akaubana kwa furaha. Lakini Gonga alikuwa ameketi huku ametega sikio lake la kazi, na jibu lile halikulia. Lilikuwa laini mno, limepigwa msasa, halina hata mkwaruzo. Mtu mwenye ukweli angesitasita kidogo. Huyu amelijibu swali hilo kwenye kumbi zote, akaling'arisha.

Walirudi kwa miguu.

"Umesikia alivyosema?" Mama Rangi aliuliza.

"Nimesikia alivyosema."

"Amesema tutapokelewa."

"Amesema." Gonga alitembea kidogo, akatazama nyuma. "Mke wangu, nisikilize. Sheria itapita, hilo naliona. Na tutajiandikisha, maana hatuna pengine. Ila hutaenda pale kama gari lililogongwa. Utaenda kama gari zima. Tukupoze kwanza."

Alijua neno hilo vizuri, na mkewe pia. Gari lililonyooshwa na kupakwa rangi haliuzwi siku hiyo hiyo, kwa kuwa linanuka dawa na mnunuzi atashtuka. Linawekwa kando lipoe. Harufu ikishaisha, vumbi likitua kidogo, linakuwa gari lisilo na historia.

"Kunipoza vipi?" aliuliza.

"Usionekane kliniki. Mkadiriaji hatazami gari tu, anauliza majirani, anauliza magereji. Hawa watauliza hospitali. Wakikuta ulikuwa pale mwezi uliopita, umekwisha. Wakikuta muda umepita hujatia mguu, watasema mama alipona, au hakuwa na kitu."

"Na dawa ikiisha?"

"Redio imesema wanapiga kura karibuni. Ni siku chache. Siku chache zitakufanya nini, na daktari mwenyewe alisema ugonjwa unakwenda pole pole?"

Mama Rangi alifika mlangoni, akatafuta ufunguo. Aliogopa, na alitaka kukataa. Lakini huyu ndiye mtu aliyewatoa kwenye vyama vya kuchangiana vilivyokimbia na fedha za wenzao, aliyekataa nyumba ya bei poa ambayo baadaye iliwaangukia wapangaji. Ushuku wake ulikuwa umewalisha miaka yote. "Haya," akasema.

Siku ya kliniki ikapita, akashinda gereji. Chupa ya matone ikaisha, ikatupwa.

Na kura haikupigwa. Mswada ulirudishwa kwenye kamati, kwa sababu kundi moja la wabunge lilitaka neno "hiari" liondolewe na jingine likatishia kutoka nje likiondolewa. Kamati ikaenda kujifunza ng'ambo, ikarudi na picha. Makampuni yakaweka matangazo ya daktari anayelia. Serikali ikaweka matangazo ya bibi anayecheka. Spika akaahirisha, akaahirisha tena. Chaji alikuwa akiizima redio kwa hasira na kuiwasha tena baada ya wimbo mmoja. Kila kuahirishwa kulimpa Gonga ushahidi mpya.

"Unaona?" alimwambia Chaji. "Jambo jema lingezungushwa hivi?"

"Linazungushwa na watu kama wewe!"

Mama Rangi kila mara alisema, "Niende tu mara moja, baba watoto. Mara moja." Na kila mara Gonga alijibu kwamba wameshapoza sana, haifai kuharibu sasa. Muda waliokwisha kuupoteza ukawa ndio sababu ya kuupoteza mwingine.

Kisha yakaanza mambo madogo. Alijigonga bega kwenye fremu ya mlango aliopita maisha yake yote. Alimwaga kopo la tina, ile ya kuzimulia rangi, lililokuwa kushoto kwake. Alikunja uso kwa jeki iliyomkwaza, akasema nani ameiweka hapa, na ilikuwa hapo tangu asubuhi. Rangi bado alizichanganya sawasawa, kwa kuwa alizitazama katikati ya macho, na hilo ndilo lililompoteza Gonga. Mtu asiyeona angewezaje kuijua fedha iliyopigwa na jua?

Ndipo ikamjia fikra ambayo hakuwahi kuwa nayo juu ya mtu huyu. Akashuku kwamba anaigiza. Anajikwaa makusudi, aliwaza, ili nimwonee huruma niseme haya, nenda. Aliichukia fikra hiyo, lakini haikutoka.

Akakata shauri kumjaribu. Mchana mmoja Mama Rangi alikuwa ameinamia kifuniko chake, anakoroga. Gonga alivua viatu, akaja taratibu upande wa kushoto, akasimama karibu kiasi cha kusikia pumzi yake. Hakugeuka. Gonga akainua mkono, akaupunga. Hakuna. Akausogeza mbele kidogo, akausogeza tena, akitafuta ile sehemu ambapo ataacha kuigiza na kutabasamu. Mkono ulipita sikio, ukapita shavu, ukakaribia pua, ndipo Mama Rangi akaruka na kijiti kikaanguka.

"We! Umetokea wapi?"

"Nilikuwa hapa."

"Tangu lini?"

"Sasa hivi tu," Gonga alisema. Akaenda nyuma ya gari moja, akachuchumaa. Hakuwa amewahi kuogopa kitu namna ile. Pale pale alitaka kumshika mkono ampeleke hospitali, yeye na miguu yake, bila hata kufunga gereji. Lakini redio ya Chaji ilikuwa ikipiga kelele kwamba mswada umepita asubuhi ile, uandikishaji unafunguliwa wiki ijayo. Wiki moja tu! Baada ya kungoja kote huko, aende leo wamwone, wamwandike mbovu, wakataliwe mlangoni kabisa? Akajikaza. Akajiambia kwamba siku ya kuandikishwa, siku hiyo hiyo, watatoka pale moja kwa moja mpaka kliniki.

Uandikishaji ulifanyika kwenye ukumbi ule ule. Gonga alivaa shati la kuendea misiba. Walipofika mezani walimkuta karani, binti mchangamfu mwenye macho mekundu kwa uchovu.

"Karibuni, shikamooni. Mama, una maradhi yoyote ya muda mrefu? Presha, sukari, pumu, macho?"

"Marahaba. Hana," Gonga alijibu. "Mzima kabisa."

"Samahani, baba, namwuliza mama. Kama yapo sema tu, mama. Wenye maradhi ya zamani wanaanzia leo, kuna gari la hospitali hapo nyuma linawapeleka."

Gari hapo nyuma! Machale yakamcheza Gonga. Ndivyo magari yanavyovutwa kupelekwa yadi, kabla mwenyewe hajajua kwamba lake limeshahesabiwa la kutupwa. Alimtupia mkewe jicho, jicho la miaka yote ya ndoa.

"Mimi mzima," Mama Rangi alisema.

Karani akamkabidhi kadi, akamtakia afya njema, akaita mwingine. Gonga alishusha pumzi. Walikuwa wamekwisha kufika mlangoni, naye ameanza kusema sasa twende kliniki, mtu mmoja mwenye haraka alipoingia kutokea kushoto. Mama Rangi alimwendea wazi wazi kama anayetaka kumkumbatia. Wakagongana kifua kwa bega.

"Mama, huoni?" yule mtu akafoka.

Mama Rangi alisimama akijishika bega. "Sioni," akamjibu, kwa sauti ya kawaida kabisa. "Upande huo sioni."

Kisha akageuka. Gonga alimshika kiwiko, naye akakitoa, bila hasira, kama anavyotoa kiwiko mtu mwenye kazi. Alirudi mpaka mezani, akapita watu waliokuwa wakingoja, nao wakampisha.

"Mwanangu, nilikudanganya. Nina presha ya macho. Dawa nimeacha zamani."

Gonga alibaki mlangoni akingoja. Alingoja kadi ipokonywe. Alingoja karani aite mkubwa wake, na mkubwa aje na tai shingoni aulize kwa nini mlificha. Karani alisema, "Pole, mama," akabonyeza kitu, akanyoosha kidole. "Gari hilo hapo nyuma. Wahi, halijajaa." Akaita mwingine. Hakuna mtu ukumbini aliyeinua kichwa.

Gonga alitamani wangepiga kelele. Alikuwa amejiandaa kwa kila kitu isipokuwa hicho.

Kliniki ilikuwa ile ile na daktari yule yule. Alimketisha Mama Rangi mbele ya mashine kama bakuli jeupe, akampa kitufe mkononi: ukiona kinuru, bonyeza. Gonga aliketi kwenye kona. Kitufe kililia mara chache, halafu kikanyamaza muda mrefu, na Gonga akajikuta ametega sikio, akikiombea kilie. Jicho la kulia lilijitahidi. La kushoto lilinyamaza karibu mpaka mwisho.

Daktari aliitazama karatasi, akaiweka chini.

"Mama, la kulia limepungua, lakini tutalipigania. La kushoto umebakiwa na tundu dogo la katikati. Kilichokwenda hakirudi." Akafungua faili lake. "Ulikuwa unakuja vizuri kabisa. Nani alikwambia uache?"

"Hakuna, daktari," Mama Rangi alisema. "Nilikuwa nasahau tu. Uzee huu."

Ulikuwa uongo wake wa pili siku ile, na mara zote mbili aliusema kwa ajili ya mumewe. Ulikuwa mwepesi na wa upole, naye Gonga aliona kwamba angeweza kuuacha upite, kwamba daktari ameshauamini na chumba kile kiko tayari kuusahau.

"Mimi," alisema. "Mimi ndiye niliyemwachisha, daktari."

"Wewe? Kwa nini?"

Alifungua mdomo amweleze juu ya wakadiriaji, juu ya kupoza, juu ya majirani wanaoulizwa. Yote aliyokuwa nayo kichwani kwa miezi yalikuwa mengi, na sasa hakupata la kushika.

"Nilidhani mtamkataa," akasema.

"Sisi?" Daktari alimtazama mzee yule mwenye shati la misiba, na haikuwa hasira iliyokuwa usoni mwake, ingekuwa afadhali. "Baba, kila siku ya kliniki jina lake tulikuwa tunaliita. Muuguzi anatoka pale mlangoni, analiita, analiita tena. Tulikuwa tunamsubiri."

Daktari akaandika dawa, akawapa na chupa ya kuanzia, akawaonyesha upya jinsi ya kutia tone, ingawa walijua.

Walitoka kwenye ukumbi mrefu wa hospitali, Gonga ameshika chupa ile kwa mikono miwili, machozi yanamtoka wazi mbele za watu na hayafuti. Alitembea kando ya mkewe kwa mazoea, ubavu wake wa kushoto. Mama Rangi akasimama, akageuza kichwa chote kumtafuta.

"Uko wapi?"

"Niko hapa."

"Njoo huku kulia," alimwambia. "Huko ulikokaa sikuoni."